Mashine Iliyobaki Kanada

Jumanne, 20 Agosti 2019

Bi Mariyamu kaja studio kabla sijafagia. Akafunga mlango nyuma yake mwenyewe — mlango wangu! — akatoa diski kwenye kitenge kilichokunjwa mara tatu. Ni ya harusi ya mjukuu wake, iliyofanyika Kanada mwezi wa sita. Si harusi yenyewe, ni siku ya wanawake. Wako peke yao ukumbini, vichwa wazi, mikono wazi, wanacheza. Aliyerekodi ni mwanamke, aliyeunganisha picha ni mwanamke. Sasa imefika Rumonge na deki ya Bi Mariyamu haiitaki.

"Naiingiza, inazunguka kidogo, inaitema. Inaandika Kizungu. Wewe iko fundi, tena iko mwanamuke. Nitamupa nani mwingine?"

Kweli, nani mwingine? Kuanzia hapa mpaka Nyanza-Lac anayetengeneza diski za wanawake ni mimi tu. Studio za wanaume ziko tano, lakini mama gani atampa mwanamume siku yake ya wanawake? Nimekula kwa hilo miaka tisa. Jina langu likiharibika, nifunge pazia niende kuuza ndagala, dagaa wa ziwa.

Kaniapisha kama kawaida. Jicho la mwanamume lisiione, sikio la mwanamume lisisikie yaliyomo. Nimeapa hivyo mara mia. Nikasema wallahi, huku natafuta ufagio.

Anataka nakala saba za mashangazi. Wanakusanyika kwake Jumapili ya tarehe moja, mwaka mpya wa Kiislamu.

Tatizo la diski nalijua. Wazungu wameigawa dunia kwa namba. Amerika na Kanada ni moja, Ulaya ni mbili, sisi huku tano. Diski ya namba moja haichezi kwenye mashine ya namba mbili. Fundi wa Kanada kaifunga kwa namba yao, sijui kwa nini, labda kujionyesha. Kisomeo cha ordinateri yangu, kile kidude cha kompyuta kinachomeza diski, nimekiweka kwenye mbili kwa sababu diski nyingi zinazoletwa hapa zinatoka Ubelgiji. Kinakubali kuhamishwa: kinauliza nchi gani, unachagua, unabonyeza. Lakini mara tano tu! Ya tano ikiisha, kinabaki hapo kilipo mpaka kufa. Kile cha kwanza kilikufa hivyo. Hiki ni cha mwezi wa nne, bado kina zote tano.

Bi Mariyamu alipotoka, Mardochée, Mkongomani fundi wa simu, akasema kutoka upande wake wa pazia: "Mama Ayubu, usiharibu namba. Niko na programu ku flashi yangu, inafungua diski yoyote, haiulize inchi."

Nikakataa. Tunagawana chumba, yeye mbele na simu zake, mimi nyuma. Hatugawani flashi. Hiyo flashi imeingia kwenye simu za Rumonge nzima, ina virusi vya kila mtu. Na kingine — nani alimwambia kwamba ni diski yenye namba? Tulinong'ona. Pazia halizuii masikio ya Mkongomani. Nimeliweka moyoni.

Jumatano, 21 Agosti

Nimehamisha kisomeo kwenda Kanada. Zimebaki nne.

Kazi hii ni lazima uangalie. Picha inaweza kukatika katikati, sauti ikaachana na midomo. Kwa hiyo naangalia yote, mtu asinisingizie umbea. Dakika ya thelathini na nane nikamwona.

Kaoutar.

Mke wa kwanza wa Athumani, mume wangu. Alikimbia na mama yake mwaka tisini na sita, wakavuka kwenda kambini Kigoma, kisha Kanada. Talaka ilitumwa kwa barua. Mimi niliolewa elfu mbili na tatu, sijawahi kumwona ila kwenye picha moja ndogo ambayo Athumani anadhani sijui iko wapi. Kavaa kijani. Nywele kazifungua. Anacheza na mikono tu, mabega hayatikisiki, na wenzake wamempisha katikati. Nimeirudisha mara mbili. Mara tatu.

Nakala hazikutoka. Nilikuwa na diski tupu mbili, ya kwanza mbovu, ya pili umeme ukakatika nusu ya kazi. Nikafuta kila kitu kwenye ordinateri, maana Mardochée naye huitumia kujazia watu nyimbo. Diski tupu nimeagiza Bujumbura.

Jioni mwalimu Modeste kaleta diski ya Ubelgiji, ya somo la darasa lake. Nikarudisha kisomeo kwenye mbili. Zimebaki tatu.

Ya Kanada nimeificha kwenye kasha la diski ya mawaidha. Liko rafuni tangu tulipofungua studio na hakuna mtu aliyewahi kuliazima. Nyumbani siwezi kuipeleka. Kuna mume, kuna shemeji Hamidu, kuna watoto wa kiume wawili na deki iko sebuleni.

Sasa niandike na hili. Tulipokuwa tunakula nilimwambia Athumani. Nilisema, mtu wako wa zamani nimemwona. Akauliza mtu gani. Nikasema yule wa Kanada, yumo kwenye diski ya Bi Mariyamu, kazeeka vibaya, meno ya mbele hayapo. Athumani akaendelea kuchambua samaki. Nikaongeza kwamba nimeificha kwenye mawaidha, na hapo akacheka, nami nikacheka.

Meno yapo yote. Sijui kwa nini nilisema. Najua.

Ijumaa, 23 Agosti

Siku nyepesi. Saa tano nikarudi nyumbani kupika. Mardochée hutoka saa sita kwenda kula, tunafunga mpaka saa nane, kama kila Ijumaa.

Athumani kachelewa kidogo kutoka msikitini, samaki wangu wa mukeke akapoa. Nikamuuliza sheikh kahubiri nini. Kuhusu wazazi, akasema. Nikasema vizuri, Ayubu wetu angepaswa kuwepo.

Jumamosi, 24 Agosti

Kuna mtu kaigusa!

Nimefungua asubuhi, nikaingiza diski nyingine ya mwalimu Modeste. Imekataa. Nikadhani mbovu. Nikaangalia kisomeo — kiko Kanada. Mimi nilikiacha Ubelgiji! Na hesabu inasema zimebaki mbili. Nilikuwa na tatu. Nilihesabu, niliandika hapa hapa Jumatano.

Nikafungua kasha la mawaidha. Diski imo, lakini imegeuzwa, uso chini. Mimi siweki diski uso chini, hata nikiwa na homa.

Ordinateri huandika saa ya kila kinachofunguliwa. Ijumaa, 12:47. Saa sita na dakika arobaini na saba, mchana kweupe.

Niliapa.

Nimekaa nikafikiri taratibu. Funguo za studio ziko tatu: wangu, wa Athumani na wa Mardochée. Ijumaa saa hiyo mwanamume wa kwetu yuko wapi? Msikitini. Mtaa wote mtupu, mbuzi wanalala katikati ya njia. Hata wasioswali wiki nzima, Ijumaa wanajisukuma. Athumani ndiye wa kwanza, ana mahali pake safu ya mbele karibu na nguzo, ukimkalia mahali pale anakusubiri uondoke. Mwanamume anayebaki nje saa hiyo ni mmoja, na ana ufunguo, na aliisikia diski tangu siku ya kwanza, na alijua habari ya namba.

Kikulacho ki nguoni mwako.

Nimerudisha kisomeo kwenye mbili. Imebaki moja. Moja! Sijamwambia kitu. Nimemwangalia tu. Alikuwa anapuliza vumbi kwenye simu ya mtu na kuimba nyimbo za kanisani.

Jumatatu, 26 Agosti

Leo nilichunguza kila anachofanya Mardochée. Kafika mapema, kwa nini? Kaniamkia kwa furaha, kwa nini? Kijana mmoja alikuja, wakacheka kwa sauti ndogo juu ya simu, nilipotoka wakanyamaza. Nikasema moyoni, hao wanaangalia. Nikaenda kimya nyuma yao. Ilikuwa mpira.

Saa nane sikuweza tena. Nikafunga mlango nikamuuliza: Ijumaa saa sita hadi saa nane ulikuwa wapi?

"Kwa nyumba. Fabiola alipika bugali na sombe. Mama Ayubu, kuna nini?"

Fabiola ni mke wake. Shahidi gani huyo! Nikasema kuna mtu aliingia humu akafungua diski ya wanawake. Akanitazama, kisha akatazama pazia. Akaniuliza kilichoibwa ni nini. Hakuna, nimesema, ameangalia.

"Mi siangaliake vitu vya bamama," akasema. "Miaka ine tuko hapa pamoja. Umeshaniona na tabia ile?"

Sijamwona. Lakini mwizi mzuri ndiye asiyeonekana. Nikanyoosha mkono, nikasema nipe ufunguo. Nilitegemea atapiga kelele. Hakupiga. Aliuchomoa kwenye mnyororo wake, akauweka mezani, akakusanya bisibisi moja moja kwenye kitambaa. Simu za watu kazipanga kwenye boksi, kila moja na karatasi ya jina, akasema wakija niwape. Mlangoni akaniaga vizuri.

Hiyo adabu ndiyo iliyonizidishia shaka. Mtu asiyekosa hukasirika.

Athumani nilipomweleza, akasema labda nisiharakishe. Baadaye, akiwa anavua viatu, akasema: diski iache palepale studio, nyumbani kuna watoto. Nikaona ana akili.

Jumatano, 28 Agosti

Bi Mariyamu alifuata nakala zake. Diski tupu zimefika jana, lakini sikutaka kutumia ile namba ya mwisho. Nikihamia Kanada sasa hivi sirudi tena, na diski za Ubelgiji ndizo unga wangu. Nimeomba kisomeo kingine Bujumbura, wanasema Jumamosi labda. Nikamwambia Bi asubiri.

Akauliza kuna nini. Nikamwambia. Ningemficha? Diski ni yake. Nikasema kuna mwanamume aliiona, namshuku Mardochée, ufunguo nimemnyang'anya. "Namshuku" nilisema. Nakumbuka vizuri nilisema hivyo.

Kabla ya alasiri mtaa mzima ulikuwa unasema Mkongomani kawaona wanawake. Kufika magharibi, kawapiga picha. Usiku ukiingia zitakuwa ziko Uvira zinauzwa. Mama mmoja kaja kudai diski ya harusi yake ya mwaka jana, kaivuta mkononi mwangu kana kwamba inaungua. Wa pili kaja. Wa tatu. Nimehesabu sita kwa siku moja. Lisemwalo lipo, wanasema, huku wananitazama mimi.

Swedi, mwana wa Bi Mariyamu, kaapa atampeleka Mardochée kwa mkuu wa mtaa. Lakini Mardochée kaondoka jana. Wanasema yuko Kabonga kwa shemeji yake mvuvi. Wanawake wakasema: kakimbia, unaona?

Nimeona. Lakini jioni Fabiola kapita na beseni la ndagala kichwani. Niliyaficha macho. Akasimama akasema "Amahoro, Mama Ayubu." Amani, hilo tu. Akaendelea na njia yake.

Ijumaa, 30 Agosti

Kaingia mtu tena.

Saa tano nilifunga studio mwenyewe. Saa tisa nimerudi mwenyewe. Mlango umefungwa sawasawa. Pazia limevutwa, mimi sikulivuta. Kiti kina joto? Nimekishika. Hakina, saa tisa hakiwezi kuwa nalo, najifanya mjinga.

Kisomeo kiko Kanada. Zimebaki sifuri.

12:41. Na safari hii hakuzima vizuri. Nilipofungua, programu ikaniuliza kama niendelee pale ilipoishia. Dakika ya thelathini na nane.

Kwanza nilisema Mardochée kachonga ufunguo mwingine. Nikampigia Aksanti anayeuza mafuta ya taa Kabonga, tulisoma pamoja. Nikamuuliza kwa ujanja kama kuna fundi wa redio. Akasema yuko, Mkongomani, tangu Jumanne. Leo kutwa alikuwa ufukweni anatengeneza taa za wavuvi, saa saba alikula kwake. Nikamuuliza ana hakika? "Fahima, mimi ndiye nilimpakulia."

Nikakaa. Halafu ndipo nikafikiria jambo ambalo ningelifikiria tangu Jumamosi ile kama nisingekuwa na haraka ya kuwa sahihi. Mardochée ana programu. Haiulizi nchi. Aliniambia kwa mdomo wake siku ya kwanza, nami nikajibu virusi. Mtu mwenye programu ile angeangalia diski yangu usiku na mchana na namba zisingepungua hata moja! Aliyemaliza namba ni mtu asiyejua. Kaingiza diski, ikamuuliza nchi gani, kachagua Kanada, kabonyeza. Mtu ambaye hajui kwamba kila akibonyeza ananinyang'anya.

Na dakika ya thelathini na nane.

Nikarudi nyumbani. Athumani kajilaza barazani. Nikamwekea chai. Nikamuuliza sheikh kahubiri nini leo.

"Kuhusu wazazi."

Tena? Nikaenda nyuma kwa shemeji Hamidu, alikuwa anafua kanzu yake. Nikamuuliza yeye. Akasema leo alikuwa mgeni kutoka Bujumbura, kahubiri haki za jirani, watu wamelia. Na Ijumaa iliyopita? Akafikiri, akasema zaka. Nikamuuliza kama alimwona kaka yake. Akasema hakumwona, lakini yeye hukaa nyuma karibu na viatu, na kaka yuko mbele siku zote, si unajua.

Najua. Wote tunajua. Ndiyo maana hakuna aliyegeuza kichwa kumtafuta.

Jumamosi, 31 Agosti

Nilimsubiri amalize uji. Watoto nimewatuma sokoni. Nikaweka funguo tatu mezani, mmoja mmoja: wangu, wa Mardochée, na wake nilioutoa kwenye mfuko wa koti.

Athumani si mtu wa kubishana. Anauza mawese miaka ishirini, hajawahi kugombana na mtu kuhusu bidoni la mafuta. Aliziangalia funguo kwa muda. Nikasema, Baba Ayubu, Ijumaa mbili.

Akasema mbili.

Nikasema umeniulia kisomeo. Akasema hakujua habari ya kisomeo, kama angejua asingegusa, atanunua kingine. Kisomeo! Nikasema niliapa mbele ya Bi Mariyamu. Akasema anajua, na ameomba toba. Nikamuuliza wanawake wangapi umewaangalia humo. Akasema aliruka, alikuwa anatafuta mmoja tu, alipomwona akatazama pale pale, akazima.

"Kwa nini?" nimemuuliza. Ningekuwa na akili nisingemuuliza.

"Ulisema amezeeka. Nilimwonea huruma. Nikasema nimwone mara moja, nimwombee." Akanywa maji. "Hajazeeka, Mama Ayubu."

Hajazeeka! Alisema taratibu, bila ubaya, kama mtu anayesahihisha bei. Niliumia. Nimeumia kuliko kisomeo, kuliko kiapo, naandika hivyo na sifuti. Mara ya kwanza ya huruma, sawa. Ya pili ilikuwa ya nini? Sikumuuliza hilo. Sitaki kujua na najua.

Kisha akasema watu wameshasema ni Mardochée. Kaondoka mwenyewe. Baada ya mwezi watasahau. Mimi nikijitokeza, akasema, msikitini nitakaa wapi? Na wewe nani atakupa diski tena, mke wa mtu aliyechungulia?

Hajanitisha. Anapiga hesabu tu. Na hesabu yake ni sawa, ndilo linaloniudhi.

Kisomeo cha Bujumbura hakikuja. Mashine yangu sasa inasoma Kanada tu. Nimetengeneza nakala saba, zimetoka safi zote, haijawahi kufanya kazi vizuri namna hii. Sikuangalia. Nilipofika dakika ya thelathini na saba nilitoka nje nikasimama juani mpaka ipite.

Jumapili, 1 Septemba

Bi Mariyamu na watu wake wako sebuleni kwetu, wamepita hapa kabla ya mkusanyiko wake. Nimesema naingia chumbani kuchukua diski, niliileta nyumbani jana jioni pamoja na nakala. Nimekaa kitandani naandika. Nimeomba dakika moja.

Swedi alikwenda Kabonga alfajiri na mwenzake. Wamemrudisha Mardochée kwa pikipiki, kakalishwa katikati yao. Hawajampiga. Shati limechanika mfuko tu, wanasema ni upepo. Wamemkalisha kwenye ngazi nje. Fabiola kaja, kakaa ngazi hiyo hiyo, beseni tupu mapajani.

Bi Mariyamu yuko kwenye kochi na mashangazi wawili. Athumani kakaa karibu na mlango, anazungumza na Swedi habari za mawese, mwaka huu kule Kigwena ngazi za michikichi zimezaa. Anajibu anapoulizwa. Anacheka panapochekwa.

Swedi amesema nikitaja jina wanakwenda kwa mkuu wa mtaa sasa hivi, na karte ya ukimbizi ya huyu bwana itaangaliwa vizuri, arudi kwao. Kwao! Huko alikokimbia na watoto wawili mgongoni.

Nilipopita ngazini Mardochée aliniamkia. Kwa sauti ile ile ya kila asubuhi. Akauliza kisomeo kikoje, kwa sababu Swedi njiani kamwambia ndicho kilichomuumbua. Nikasema kimekwama Kanada.

"Iko na dawa yake," akasema. "Nitakifungua, Mama Ayubu. Kinabaki bila namba kabisa. Unileteake tu."

Mtu yuko kwenye kesi yangu, anaulizia mashine yangu! Fabiola alinitazama usoni, na nadhani huyo anajua. Wanawake tunajua haraka.

Bi Mariyamu ameweka neno lake mezani kabla sijainuka. Alisema: "Fahima, mwanangu, utaishika hii diski mbele yetu. Utuambie mwanamume gani aliiona. Na alisikia kwa nani."

Hilo la pili sikulitegemea. Nikisema Athumani, hawataishia hapo. Watauliza alijuaje kwamba Kaoutar yumo. Alijuaje kasha la mawaidha. Jicho ni lake, lakini sikio nililifungua mimi, siku ya pili tu ya kiapo, juu ya sahani ya samaki, kwa ajili ya meno ambayo hayakuwa yamepotea. Wanawake wote wa Rumonge wamenipa siku zao miaka tisa na mimi nimeuza mmoja kwa kicheko cha jioni moja.

Nikisema Mardochée, hakuna swali la pili. Aliyesikia, kasikia nyuma ya pazia. Wanalo jibu tayari, wananingoja nilitamke tu waondoke. Mashangazi wameshavaa viatu.

Ayubu kagonga. Mama, wanakungoja. Nikasema nafunga kilemba.

Diski iko mapajani, uso juu. Nakala saba ziko kwenye mfuko. Nje Swedi kapandisha sauti, anamwambia mtu asimame. Nasikia beseni limeanguka kwenye sementi.

Athumani kaikata habari ya bidoni katikati. Anasikiliza mlango huu.

"Fahima," kaita. Si Mama Ayubu. Miaka kumi na sita hajaniita jina langu mbele ya watu. Sijui ananiomba au ananiruhusu.

Nimejibu nakuja. Nimejibu kwa sauti, wote wamesikia. Bado nimekaa.